Ngumi Mia Tatu Themanini na Nane

"Shangazi, yule bibi alikufa?"

Swali hilo aliulizwa mezani, siku ya Alhamisi, kijiko kikiwa safarini kati ya sahani na mdomo. Aliyeuliza alikuwa mpwa wake wa miaka saba, ambaye leo amekua na ndiye anayeandika haya. Shangazi alikirudisha kijiko kwenye sahani, akamtazama mtoto kama mtu anavyoutazama mlango aliokuwa na hakika ameufunga, kisha akasema neno moja.

"Kula."

Mtoto akala. Chakula kilishuka, swali likabaki kooni.

Bibi mwenyewe hakuwa ndugu wala jirani. Alikuwa kikongwe wa kuchorwa, kwenye katuni. Na ili ijulikane kwa nini mtu mzima mwenye akili timamu alirudi kutoka kazini siku ile akiwa na macho mekundu kwa ajili ya kikongwe wa kuchorwa, ni lazima kwanza ijulikane kazi yenyewe.

Shangazi alikuwa mkaguzi wa filamu. Watu wakisikia kwamba kuna mtu analipwa kwa kutazama filamu, hucheka, halafu huuliza kwa sauti ya chini kama hakuna nafasi nyingine. Wifi yake, yaani mama yake mpwa, alikuwa na msemo wake kwamba katika nyumba ile kuna wanaochoka kwa kufua na kuna wanaochoka kwa kukaa. Shangazi alivua viatu, akajilaza kwenye kochi, akajiwekea kitambaa cha maji baridi machoni, na kidole chake cha shahada kikawa bado kinachezacheza juu ya tumbo, kinahesabu.

Maana kazi yao ilikuwa kuhesabu. Huenda kwingine wakaguzi hutazama filamu wakasema wanavyoiona. Pale ofisini kwao, ghorofa ya pili, mwisho wa korido, kuona kulikuwa marufuku. Mwanzilishi wa ofisi, ambaye picha yake ilining'inia juu ya mlango ikiwa imeinama kidogo upande wa kushoto, aliamini kwamba maoni ni kama tumbo, kila mtu ana lake, lakini namba ni namba. Basi akatunga Fomu Namba Saba. Fomu ile ilikuwa na safu za mapigo, majeruhi, vifo, mali iliyoharibiwa na matusi. Ukishajaza, unajumlisha, unaangalia jedwali ukutani, na jedwali linakuambia filamu hiyo inafaa watoto, wakubwa, au haimfai mtu. Hakukuwa na safu ya kuuliza kama filamu ni nzuri.

Wakaguzi walikuwa wawili kwa kila filamu, na katikati ya meza yao kulisimamishwa ubao ili wasiangaliziane, kama watahiniwa. Upande mmoja alikaa Shangazi, na penseli yake. Alikuwa akipiga vijiti vinne wima na cha tano akikilaza juu yake, ukurasa baada ya ukurasa, hata ofisi nzima ikamwita Bi Vijiti. Upande wa pili alikaa mzee mmoja mwembamba aliyetumia kile kidude cha kubonyeza wanachoshika walinzi wa milangoni wanapohesabu watu wanaoingia. Huyo walimwita Mzee Bonyeza. Kila ngumi, kidude kilisema *tik*. Hesabu zao zikitofautiana kwa zaidi ya tatu, filamu ilirudiwa mbele ya Mkuu wa ofisi. Kwa miaka ishirini na moja hazikuwahi kutofautiana kwa zaidi ya tatu. Ziliwahi kutofautiana kwa mbili, na wiki ile hawakusalimiana.

Ndipo likaja lile boksi.

Ndani yake kulikuwa na kanda za anime moja, yaani katuni ya Kijapani, ya mapigano, sehemu ishirini na sita, ambayo kituo cha televisheni kilitaka kuionyesha saa watoto wanapotoka shule. Kwenye boksi kulikuwa na picha ya kijana mwenye nywele za rangi ya chungwa zilizosimama kama moto wa kuni kavu. Kijana huyo, kama hadithi ilivyokwenda, alikuwa mwoka mikate. Alilelewa na bibi yake, aliyemfundisha kukanda unga tangu utotoni, na kumbe ukandaji ule ulikuwa ndiyo sanaa ya kivita ya kale iliyosahaulika. Adui yake alikuwa jenerali mwenye mabega mapana kama milango miwili, na nia yake ilikuwa kuiangusha mbingu iwe sakafu ili apate pa kutembea. Kwa nini alikosa pa kutembea, hadithi haikusema.

Boksi lilifika pamoja na barua. Ofisi ya juu ilikuwa imeanza kujiuliza kama bado kuna haja ya watu wazima wawili kukaa gizani kuhesabu ngumi, na ingetuma wageni siku ya Ijumaa ya mwisho wa mwezi waje waone. Mkuu, mtu aliyefunga tai hata siku za kuhamisha makabati, aliwaita Bi Vijiti na Mzee Bonyeza akawaambia wazi. Katuni hii ndiyo itakuwa mtihani wao. Karatasi zao zikilingana, chumba kitabaki. Zisipolingana, chumba kitafungwa, Bi Vijiti ateremke stoo ya kanda kule chini kusikokuwa na dirisha, na Mzee Bonyeza, aliyebakiza miaka miwili kustaafu, apelekwe atakakopelekwa.

Bi Vijiti alichonga penseli sita.

Shida ilianza sehemu ya kwanza. Kijana hakupiga ngumi hata moja mpaka atangaze jina lake, na jina lilikuwa refu kuliko ngumi yenyewe. Alisimama, akakunja mikono, akaanza kupiga kelele, mawe yakapanda juu, ng'ombe wakakimbia, na muda wote huo jenerali alimsubiri kwa adabu zote kama mtu aliye kwenye foleni. Halafu zikaja ngumi. Zilikuja kwa wingi hata mkono haukuonekana, ila mistari tu. Ikabidi kanda irudishwe nyuma na kusogezwa picha moja moja. *Tik*, kijiti. *Tik*, kijiti. Ugomvi wa sekunde nne uliwachukua asubuhi nzima, na mara mbili Mzee Bonyeza alilazimika kubadilisha kidole.

Safu ya mali iliyoharibiwa ilikuwa imetengewa mstari mmoja, maana mwanzilishi alidhani mtu atavunja kiti, au akizidi sana, dirisha. Kufikia sehemu ya sita Bi Vijiti alikuwa ameandika: *Mlima. Mlima mwingine. Daraja. Mwezi (nusu).* Kwenye muda wa mapigano napo palikuwa na kazi. Jenerali alitangaza kwamba dunia itapasuka baada ya dakika tano, na dakika hizo tano zikaendelea sehemu tisa. Aliandika: *dakika tano (saa tatu na nusu).* Kulikuwa na sehemu nzima ambayo jenerali alikuwa anaanguka kutoka kwenye jabali, na alipokuwa akianguka alisimulia maisha yake tangu kuzaliwa, akataja mpaka jina la mbuzi wake wa kwanza. Hiyo walijaza sifuri kila safu, wakashukuru.

Lakini kilichowashinda kabisa kilikuwa vifo. Kijana alikufa sehemu ya nne, wakaandika moja. Akafufuka sehemu ya tano. Je, wafute? Akafa tena sehemu ya nane. Wakaandika barua kwenda ofisi ya juu kuomba mwongozo. Jibu lilikuja baada ya siku mbili, na muhuri: *Marehemu ahesabiwe mara moja tu, isipokuwa akifa kwa sababu tofauti.* Mzee Bonyeza aliisoma barua ile mara tatu, akaikunja vizuri, akasema kwamba afadhali yeye amekaribia kustaafu.

Nyumbani, Shangazi hakusema chochote. Kanuni ilikuwa kwamba kinachotazamwa kwenye chumba hakitoki nje mpaka uamuzi utolewe na muhuri ugongwe, na yeye alikuwa mtu wa kanuni. Wifi yake alijaribu kumchokonoa, akamwambia sasa wifi, hata kidogo, angalau tujue ni ya mapenzi au ya vita. Shangazi akasema ni ya mikate.

Sehemu ya kumi na nane ilikuwa na ngumi mia tatu themanini na nane. Karatasi zote mbili zilisema hivyo. Mkuu alizitazama, akalegeza tai kidogo, jambo ambalo hakuna aliyewahi kuliona.

Alhamisi, siku moja kabla ya wageni, wakaweka sehemu ya kumi na tisa.

Ilianza kama nyingine. Kelele, mawe, ng'ombe. Kijana akatupwa chini, safari hii hainuki. Jenerali akanyanyua mikono yote miwili, akaing'oa mbingu, na mbingu ikaanza kushuka polepole, na kingo zake zikiwa zinabomokabomoka kama mkate mkavu. Hapo mlango wa duka la mikate ukafunguka. Akatoka yule bibi. Alikuwa mfupi kama kigoda, mgongo umepinda, aproni ina unga. Katika sehemu kumi na nane alikuwa hajafanya lolote zaidi ya kumwambia mjukuu anawe mikono. Alitembea taratibu mpaka katikati ya barabara, akainama, mbingu ikamfikia, akaipokea na mgongo.

Ikasimama.

Kijana akafumbua macho, akaona. Akaanza kumpiga jenerali. Hakutangaza jina la ngumi, hakupiga kelele. Alipiga tu, kama mtu anayekanda unga wa watu wengi na muda hakuna, na kila baada ya ngumi kadhaa picha ilirudi kwa bibi, magoti yake yameshuka kidogo zaidi.

Sehemu ilipokwisha, bibi alikuwa goti moja chini. Taa ikawashwa. Bi Vijiti akatazama karatasi yake, akaona ni nyeupe kama shuka la hospitali. Penseli ilikuwa mkononi, na imekatika. Ndipo akakumbuka kitu kingine. Akarudi kichwani mwake nyuma, dakika kumi, dakika ishirini, akitega sikio. Upande wa pili wa ubao hakukuwa na *tik* hata moja.

Kanuni haikuruhusu kuzungumza juu ya hesabu kabla karatasi hazijakusanywa. Kanda ilikuwa lazima irudishwe kwenye kabati la Mkuu saa tisa kamili, na saa tisa ilikuwa imebakiza dakika nne. Kurudia hakuwezekani. Bi Vijiti alikaa na karatasi yake. Alifikiria ngumi mia nne, akaona ni namba ya mviringo mno, inanuka uongo. Alifikiria mia tatu na tisini na moja, akajiuliza ataielezaje. Mwishowe, kwa mara ya kwanza katika miaka ishirini na moja, aliandika asichokihesabu. Alichukua namba ya jana akaiandika tena. Mia tatu themanini na nane.

Upande wa pili wa ubao, mtu mwingine aliyezoea kazi ile ile, kiti kile kile na hofu ile ile alikuwa naye anafikiria. Alipomaliza kufikiria, aliandika mia tatu themanini na nane.

Jioni ile ndipo Shangazi alipokaa mezani, akaitazama sahani kwa muda mrefu, akasema peke yake, "Yule bibi, jamani, na mgongo ule." Wifi yake akamuuliza kama amelia. Akasema ni moshi. Wifi akamwambia wao wanapikia umeme. Na mtoto, aliyekuwa amesikia yote, akauliza swali lake, akaambiwa ale. Kanuni ni kanuni. Lakini ukweli mwingine ni kwamba hata yeye hakujua. Sehemu saba zilikuwa zimebaki.

Ijumaa asubuhi alimkuta Mzee Bonyeza kwenye bomba la uani, anajaza chupa yake ya maji. Karatasi zilikuwa zimeshakusanywa, na Mkuu alikuwa ameonekana koridoni akipiga mluzi.

"Wewe jana ulihesabu?" Bi Vijiti akamuuliza.

Mzee alifunga bomba. "Nilidhani wewe umehesabu."

Kisha Bi Vijiti akasema hawezi, kwamba akiingia mle ndani atasema. Atasema ya kwake tu, ya mzee hatayagusa.

"Bi Vijiti, dada yangu. Ukisema yako ni ya uongo, yangu iliyolingana nayo itakuwa nini? Muujiza?" Akanywa maji, akajifuta mdomo kwa mgongo wa mkono. "Mimi nimebakiza miaka miwili. Ukitaka kusema, sema. Ila usinitazame."

Wageni walikuwa wawili, mama mmoja mwenye faili na kijana aliyembebea mama huyo faili jingine. Mkuu aliwakalisha, akazibandika karatasi nne ukutani, akasimama pembeni kama fundi wa keki kando ya keki ya harusi. Aliwaonyesha sehemu ya kumi na nane: mia tatu themanini na nane, mia tatu themanini na nane. Aliwaonyesha sehemu ya kumi na tisa: vilevile, na vilevile tena. Akasema kwamba hata saa mbili zilizotengenezwa kiwanda kimoja haziwezi kukubaliana hivyo.

Mama wa faili alizitazama. Hakuwa mtu wa shari. Aliuliza tu, kwa upole, imekuwaje vita viwili tofauti vikawa na ngumi idadi moja. Mkuu akasema bila shaka mchoraji ana mpangilio wake. Mama akasema labda Bi Vijiti ndiye aeleze, kwa kuwa yeye ndiye aliyeketi pale.

Bi Vijiti alisimama. Aliitazama picha ya mwanzilishi juu ya mlango, iliyoinama upande wa kushoto. Hakumtazama Mzee Bonyeza.

"Sikuhesabu," akasema. "Nilikuwa natazama."

Mkuu alishika tai yake. "Ulikuwa unatazama nini?"

"Filamu."

Kisha kiti kikasogea, Mzee Bonyeza akainuka taratibu, akakiweka kidude chake mezani mbele ya wageni. Kilikuwa kinasomeka sifuri. Kijana wa mafaili, ambaye hakuwa amesema kitu tangu aingie, akauliza ilikuwa inahusu nini hasa hiyo filamu, na mama akamwambia anyamaze.

Chumba kilifungwa Jumatatu. Katuni haikukubaliwa, maana fomu yake haikutimia. Haikukataliwa pia, kwa sababu hiyo hiyo. Iliandikwa *inasubiri*, ikarudishwa kwenye boksi lake, na boksi likashushwa stoo. Bi Vijiti akashushwa nalo. Mzee Bonyeza alipelekwa lango kuu kuwa mlinzi, akakabidhiwa rasmi kidude cha kuhesabia watu wanaoingia. Alikuwa nacho tayari.

Nyumbani wifi alijiandaa kumpa pole. Alimkuta Shangazi anapiga pasi nguo za wiki nzima huku anaimba. Stoo haikuwa na dirisha, kweli, lakini ilikuwa na mashine ya zamani ya kuchezea kanda, na kanuni za stoo zilimtaka mtunzaji akague kila kanda isije ikaota ukungu. Na kanda haikaguliwi ukungu kwa kufumba macho. Kanuni ilitaka pia ukaguzi ufanywe na watu wawili. Basi saa za mapumziko mlinzi wa lango kuu alikuwa anateremka na kiti chake. Ziko kanda mle stoo ambazo hazikukaguliwa hata siku moja. Zile ishirini na sita zilishukiwa ukungu mara nne kwa mwaka. Mzee alistaafu, akapewa saa ya ukutani, na bado kila aliposikia kuna unyevu alikuja.

Mpwa naye alikuwa anakua. Alimaliza shule ya msingi, akaanza sekondari, na kila alipokumbuka aliuliza, na kila mara aliambiwa ale, hata siku ambazo mezani hakukuwa na chakula. Uamuzi haujatoka, Shangazi alisema. Kitu kinachosubiri hakisimuliwi.

Mwaka huu alikuja Mkuu mpya, kijana asiyevaa tai, akataka stoo isafishwe na kila kinachosubiri kisisubiri tena. Akateremka mwenyewe, akalikuta lile boksi, akamuuliza mtunzaji hii ni ya watoto au ya wakubwa. Katika miaka ishirini na tisa ya kazi ya Shangazi, hakuna aliyewahi kumuuliza anaonaje. Akaomba apewe mpaka kesho yake. Alirudi nyumbani, akakaa mezani mchana kutwa, akaandika kurasa tisa, mbele na nyuma. Aliandika kwamba jenerali anasikitisha kuliko anavyotisha. Aliandika kwamba kelele ni nyingi mno na kwamba kisa cha mbuzi kingepunguzwa. Aliandika kurasa mbili nzima juu ya mgongo. Mkuu mpya akazipindua zote, akatafuta mwisho wake.

"Mama, mimi nataka namba tu," akasema.

"Kumi na tano," Shangazi akasema, na muhuri ukagongwa.

Mpwa alisikia habari hizo akaja mbio. Akakumbushwa kwamba amebakiza wiki tatu kutimiza miaka kumi na tano. Alibembeleza, akanuna, akamshtaki kwa mama yake, na mama yake akasema hilo ni la wifi na serikali, yeye hayumo. Wiki tatu zikaisha. Asubuhi ya siku hiyo, kabla hata hajapongezwa, alimfuata Shangazi uani alikokuwa anaanika shuka, akashika upande wa pili wa shuka, akauliza tena kama alivyouliza akiwa na miaka saba.

Shangazi alibana kibanio cha kwanza, akabana cha pili.

"Hakufa," akasema. "Nimeirudia mara thelathini na moja ili niwe na hakika, na kila nikifika pale bado naishika meza."